Hivi wanawake wa enzi za Malkia Victoria walikaaje na zile sketi? Na ndani walivaa nini?

#1 MshonaMarinda
Habarini wana jukwaa. Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga, nashona magauni ya harusi mwaka wa kumi na moja sasa. Kuna bibi harusi kaniletea picha ya gauni la Kiingereza la zamani, sketi imetanuka kama kengele ya kanisa, kiuno kama cha nyigu. Anataka lile lile. Nimenunua waya, nimeupinda, nimeusimamisha mezani na kuufunika kitambaa, na kila nikiutazama najiuliza: hawa watu walikaaje kitini? Walipitaje mlangoni? Walikwendaje msalani?

Dai langu ni hili: ile haikuwa fasheni, ilikuwa kifungo. Mwanamume alitaka mke asiyeweza kukimbia. Anayebisha aje na hoja. Na anayejua mpangilio wa nguo za ndani anisaidie, maana nikijua kilichokuwa chini nitajua kushona cha juu.

#2 Kengewa77
Naunga mkono hoja. Tena hujaitaja koseti, lile vazi la kubana kiuno. Nilisoma kwamba walikuwa wanatolewa mbavu mbili za chini ili kiuno kiingie. Na malkia mwenyewe ndiye aliyeanzisha hiyo sketi ya kengele, wengine wakafuata.

#3 KabatiLaBabu
Kengewa77, taratibu ndugu yangu, mistari mitatu umeteleza mara mbili.

Habari ya mbavu ni uvumi, ushahidi wake haupo. Dawa ya usingizi ilianza kutumika hadharani kwenye upasuaji mwaka 1846, na njia ya daktari Lister ya kuua vijidudu kidondani ilitangazwa 1867. Kulala juu ya meza ya daktari siku zile ilikuwa kufa na kupona. Nani angejilaza kwa ajili ya kiuno?

Na malkia hakuwa kiongozi wa mitindo. Macho ya wanawake yalikuwa Paris, kwa Eugénie, mke wa Napoleon III, mtawala wa Ufaransa. Victoria alichotuachia sana ni desturi ya gauni jeupe, baada ya harusi yake ya tarehe 10 Februari 1840, na hata hapo hakuwa bibi harusi wa kwanza kuvaa nyeupe.

Sasa fundi, nikurudie wewe. Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901. Ukisema "gauni la enzi ya Victoria" ni sawa na mtu akwambie "nataka kanga ya zamani". Ya mwaka gani? Miaka ya 1840 upana ulitokana na magagulo, yaani sketi za ndani, yaliyopangwa moja juu ya lingine, mengine yamefumwa kwa nywele za farasi ili yasimame. Neno krinolini limetoka hapo: crin kwa Kifaransa ni nywele za farasi, na lin ni kitani. Tenga la pete za chuma lilikuja 1856, likafikia upana wake mkubwa kabisa karibu na 1860, kisha mbele likaanza kulala bapa na ukubwa wote ukasukumwa nyuma. Miaka ya 1870 pana mto makalioni. Kufikia 1878 hivi sketi imebana kama ngozi. Miaka ya 1880 mto ukarudi kwa nguvu zaidi, halafu 1890 ukatoweka. Hiyo picha yako ya kengele ni ya kati ya 1856 na 1865. Usichanganye na mingine.

#4 Zuhura_Leeds
Fundi, hongera kwa kazi. Mimi nipo Uingereza, najitolea siku mbili kwa wiki kwenye stoo ya nguo ya jumba moja la makumbusho. Nguo hizi nimezikunja na kuzikunjua kwa mikono yangu, kwa hiyo nakupa mpangilio kama ulivyo.

Kwanza shimizi, la pamba au kitani, linafika magotini. Hilo ndilo linalogusa mwili, ndilo linalofuliwa na kuchemshwa. Gauni la hariri halifuliwi, kwa hiyo shimizi ndiyo ngao yake dhidi ya jasho. Halafu suruali ya ndani, halafu soksi na vikaza vyake. Viatu ni bora vivaliwe hapo, kwa sababu baada ya koseti kuinama ni kazi. Koseti inakuja juu ya shimizi, haivaliwi kwenye ngozi tupu kama filamu zinavyoonyesha. Juu yake kijisidiria chepesi cha kuifunika ili mistari isionekane. Gagulo moja la kuzuia baridi na aibu. Ndipo tenga. Juu ya tenga gagulo jingine, ukilisahau hilo fundi wangu pete zitaonekana kama mbavu za mbwa mwenye njaa. Mwisho sketi na bodi yake ya kifuani, na mara nyingi hivyo ni vipande viwili tofauti, si gauni moja.

Kuna shimizi moja nililifungua wiki mbili zilizopita. Pindoni pana herufi za jina la mwenyewe kwa uzi mwekundu, mishono ya msalaba midogo kama mbegu za ufuta, na chini yake namba 6. Walishona kwa dazeni na kuzipa namba ili zipokezane kwenda kufuliwa, zisichakae moja tu. Nilikaa nayo mkononi kitambo. Hilo la sita lilikuwa limeisha kwapani, limetiwa kiraka, na kile kiraka kimeshonwa vizuri kuliko nguo yenyewe.

#5 Kengewa77
Ya mbavu nimekubali, asante mzee KabatiLaBabu. Lakini swali la fundi la msalani mnalikimbia nyote.

#6 Zuhura_Leeds
Silikimbii. Suruali ya ndani ilikuwa wazi katikati. Ni miguu miwili ya kitambaa, kila mmoja umeshonwa peke yake, imekutana kwenye ukanda wa kiuno tu. Huku chini hakuna mshono. Mwanamke anachuchumaa au anaweka chombo cha haja chini ya sketi, basi. Fikiria: ukanda wa suruali uko CHINI ya koseti, na koseti imefungwa kwa kamba mgongoni. Ungeishushaje bila kuvua nguo zote?

#7 TabibuMstaafu
Maelezo ya dada Zuhura yana mantiki, ila nadhani ni nusu ya jambo. Suruali ya ndani kwa wanawake wa Kiingereza ilikuwa ngeni, ilienea karne ya 19 yenyewe. Kabla ya hapo wengi walivaa shimizi peke yake chini ya magagulo. Sasa suruali iliyofungwa katikati ilihesabiwa nguo ya kiume. Kuiacha wazi kulikuwa kama kusema "hii si suruali". Ndivyo ninavyoona mimi. Wapo pia waliodai kwamba mwili wa mwanamke unahitaji hewa huko chini.

#8 Zuhura_Leeds
TabibuMstaafu, la kiume sikatai. Lakini mwishoni mwa karne suruali zilizofungwa zikaenea, na koseti bado zipo. Hapo hoja yangu inayumba na yako inayumba vilevile, maana hao wanawake hawakugeuka wanaume.

#9 MwanaWaMtendeni
Hapa mmenigusa. Wakati mabibi wa London wanavaa suruali wazi, Unguja mabibi wa mjini walikuwa na suruali iliyofungwa, yenye marinda vifundoni, inaonekana chini ya kanzu bila aibu. Itazameni picha maarufu ya Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja. Alizaliwa 1844, akaondoka Unguja 1866, mwaka uliofuata akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete na kuhamia Hamburg. Ile picha alipigwa huko huko Ujerumani akiwa na mavazi ya kwao, na marinda ya suruali yanaonekana wazi juu ya miguu. Zipo picha zake nyingine kwa mavazi ya Kizungu. Mimi huziweka ubavu kwa ubavu na kuwaza ile siku ya kwanza aliyofungwa koseti, mwili uliozoea kanzu.

Na mwaka 1851 Wamarekani kina Amelia Bloomer walipovaa suruali pana chini ya sketi fupi, watu waliiita mavazi ya Kituruki. Yaani walijua walikoichukua. Walizomewa barabarani kwa kuvaa kitu ambacho bibi zetu walikivaa bila kuulizwa na mtu.

#10 FundiBati
Mimi ni fundi wa vyuma, sijui hariri. Lakini naona mnazungumza adabu na aibu, hamzungumzi chuma. Mwaka 1856 mvumbuzi Mwingereza Bessemer alitangaza njia yake ya kutengeneza chuma cha pua kwa bei rahisi. Mwaka huo huo tenga likapewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Jibu mnalo mkononi: sketi ilipanuka kwa sababu chuma kilishuka bei. Hakuna cha mume wala malkia.

#11 KabatiLaBabu
Hoja nzuri ila miaka inakudanganya, FundiBati. Hataza ni ya 1856 kweli, aliichukua Milliet kule Paris. Lakini chuma cha Bessemer kilikuwa kimetangazwa tu, hakijafika sokoni, na mwanzoni kiliwapa watu taabu sana. Pete za mwanzo zilitoka kwenye chuma cha pua kilichoyeyushwa ndani ya vyungu, kile ambacho mji wa Sheffield, Uingereza, walikuwa wanakitengeneza tangu karne iliyotangulia kwa visu na springi za saa. Nakubaliana nawe kwamba bila viwanda tenga lisingewafikia vijakazi. Na liliwafikia kweli: mwaka 1860 kiwanda cha nguo cha Courtaulds kiliwaagiza wafanyakazi wake wa kike waache matenga nyumbani, yasije yakanaswa na mitambo.

#12 FundiBati
Basi umenisaidia, mzee wangu. Msichana wa kiwandani hakuvikwa tenga na mume tajiri. Alilinunua mwenyewe kwa mshahara wake, na bosi akamkataza. Hiyo ya kifungo fundi wa Tanga aitazame upya.

#13 MshonaMarinda
Naitazama. Lakini waya wangu haulali! Nimemvisha binti wa dukani akae kwenye kiti, sketi yote imesimama mbele hadi kidevuni. Kama walikaa hivi, basi ni kifungo tu.

#14 MamaWawili_Kisumu
Fundi usicheke, yalinipata kanisani. Gagulo langu la harusi lilikuwa na waya mnene, nilikodi. Padri akasema tuketi, nikaketi, pete ya chini ikagonga benchi nyuma na mbele ikaruka juu kama mdomo wa kiboko. Aliyekuwa akitupiga video hakuficha. Shangazi yangu alikimbia kutoka safu ya tatu akanikalia gagulo ubavuni hadi misa ikaisha. Miaka tisa imepita, kila sherehe ya ukoo lazima iwekwe ile video.

#15 Zuhura_Leeds
Poleni wote wawili. Kosa liko kwenye waya. Tenga la asili halikuwa waya wa duara mgumu. Lilikuwa bapa jembamba la chuma chenye springi, limevikwa uzi wa pamba, na pete hazishikani kwa chuma. Zinaning'inia kwenye tepe za kitambaa kutoka kiunoni. Ukikaa, pete zinalaliana moja juu ya moja kama kinanda cha kukunja. Unashika kidogo nyuma, unainua pete ya chini, unakaa juu ya kitambaa wala si juu ya chuma. Lile nililolishika mimi ni jepesi mno, halifiki kilo. Linganisha na magagulo sita yaliyotiwa wanga! Ndiyo maana wanawake wengi walilipokea kama ukombozi: miguu ikawa huru ndani, hewa ikapita.

Na fundi, pete ya chini iwe juu ya sakafu kwa inchi 8 hadi 10. Ikigusa chini, mguu unaingia ndani yake.

#16 KapuLaMwana
Mguu ukiingia ndani yake ndiyo yaliyomkuta Dachesi wa Manchester. Mwaka 1859, matembezi ya mashambani, akaruka kizuizi cha ukuta kwa haraka, pete ikanasa. Akapinduka kichwa chini miguu juu, tenga na magagulo vyote vikamfunika uso. Waliokuwepo wakaona kaptula za mirabamiraba nyekundu. Kisa hiki kimo kwenye barua ya bibi mmoja wa nyumba ya malkia. Kwa hiyo Zuhura, si wote walikuwa na zile nyeupe zilizo wazi!

#17 Zuhura_Leeds
Kweli kabisa. Kaptula kama hizo zilipata soko kwa sababu tenga liliyumba na upepo ulipita. Waliokwenda matembezini walijikinga.

#18 TabibuMstaafu
Ukombozi mnaousema uliua watu, hilo lisipite hivi hivi. Majiko ya kuni wazi, mishumaa, na mwanamke ambaye haoni pindo lake liko wapi. Fanny Longfellow, mke wa mshairi, aliungua Massachusetts mwaka 1861. Emma Livry, mcheza dansi wa Paris, moto wa taa za jukwaani ulimshika 1862, akaugua miezi hadi alipokufa 1863. Dada wawili wa mwandishi Oscar Wilde wa upande wa baba waliungua Ireland mwaka 1871, mmoja akijaribu kumwokoa mwenzake. Na tarehe 8 Desemba 1863 kanisa la Santiago kule Chile liliwaka, wakafa zaidi ya watu 2,000, wengi wanawake. Tenga lilikuwa jiko: hewa inaingia chini, moto unapanda.

#19 KabatiLaBabu
Yote ni kweli ya kuhuzunisha, ila tutenganishe. Emma Livry alivaa sketi ya jukwaani ya melimeli, wala si tenga. Alikataa nguo zilizotiwa dawa ya kuzuia moto kwa sababu zilikuwa ngumu na mbaya machoni. Mwaka 1871 tenga kubwa lilikuwa limeshapitwa na wakati. Kinachounganisha vifo hivi ni kitambaa: melimeli na tulu, vyepesi kama utando. Na Santiago wengine wanalaumu milango ya kufunguka kwa ndani.

#20 TabibuMstaafu
Milango ilifunguka kwa ndani, na walionusurika walisimulia jinsi sketi zilivyofungamana mlangoni. Siwezi kukubali tenga litoke mikono safi.

#21 JoraLaMerekani
Wakuu, mnataja kitani, hariri, chuma. Pamba mnaipita. Hayo mashimizi ya dazeni yalitoka wapi? Viwanda vya Lancashire, na pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Pamba hiyo hiyo ilikwenda viwanda vya Massachusetts, ikafumwa, ikapakiwa Salem, ikashushwa Unguja. Ndiyo merekani tuliyovaa. Vita vya Marekani vilipoanza 1861, Lancashire wakafa njaa kwa kukosa pamba na soko la Unguja likakosa merekani. Shimizi namba 6 la Zuhura na shuka ya mpagazi wa Tabora huenda zilitoka shamba moja. Hilo nimelifikiria tangu niliposoma bandiko lake, na limenikaa.

#22 Zuhura_Leeds
Asante kwa hili. Kesho nikilishika tena nitalitazama vingine.

#23 KalamuYaMwambao
Niwatoe kidogo. Kuna aliyegundua kwamba uzi mzima tunatumia maneno yao? Shimizi ni chemise. Gauni ni lao. Lakini kule Mombasa tunasema kamisi. Wengine wanaitoa kwa Mreno, camisa. Wengine kwa Mwarabu, qamis. Mimi nasema ya Mwarabu. Na zote, hata ile chemise, zinarudi ukoo mmoja. Yaani mtu wa Dar na shimizi lake na mtu wa Mombasa na kamisi yake wamevaa neno moja lililopita njia mbili.

#24 MamaWawili_Kisumu
Sisi bibi alisema "petikoti" na hakutaka kusikia jingine. Na gagulo je?

#25 KalamuYaMwambao
Gagulo bado nalitafutia ukoo, dada. Mwenye nalo alete.

#26 Kengewa77
Mimi niulize ule mto wa nyuma wa 1880. Si ndiyo vigodoro vya siku hizi? Basi dada zetu wasisemwe, hata mabibi wa Kiingereza walivaa.

#27 KapuLaMwana
Haha, Kengewa umerudi na jipya. Vigodoro ndiyo, ila vyao vilikuwa na ufundi zaidi. Kulikuwa na vya springi vilivyojikunja ukikaa na kufyatuka ukisimama. Na hawakuficha, ulitakiwa uone. Kisa hasa ni kwamba tenga lilipokufa watu walibaki na sketi zenye mita nyingi za kitambaa, ikabidi kile kitambaa kikusanywe mahali, wakakikusanya nyuma.

#28 KabatiLaBabu
Hiyo ni sababu moja. Wengine wanamtaja Charles Frederick Worth, mshonaji Mwingereza wa Paris, kwamba yeye ndiye aliyechoshwa na kengele akalaza mbele. Wengine wanasema ni matangazo ya wauza vitambaa tu. Mimi naegemea kwa KapuLaMwana, kwa kuwa nimeona sketi za 1860 zilizofumuliwa na kushonwa upya miaka kumi baadaye. Kitambaa kilikuwa mali.

#29 Mkereketwa_Arusha
Nimesoma yote. Mnaosema ukombozi, mbona wanawake wenyewe waliunda chama cha kudai mavazi yenye akili London mwaka 1881, chini ya Bibi Harberton? Walitaka nguo zote za ndani, bila viatu, zisizidi paundi 7. Hiyo ni zaidi ya kilo 3, na ndiyo waliyoiita NAFUU! Mimi nipo na fundi wa Tanga. Koseti na kilo hizo ni kifungo, hata kama mfungwa alijinunulia mnyororo.

#30 FundiBati
Na wanaume waliokuwa wanalichora tenga kila wiki kwenye gazeti la vichekesho la Punch wakilidhihaki? Kama walilitaka kwa ajili ya kufunga wake zao, mbona walilichukia? Tenga lilimweka mwanamume mbali kwa mita nzima, na mwanamke akajaza barabara peke yake. Aliyebanwa hapo ni nani?

#31 Mkereketwa_Arusha
Dhihaka haimaanishi hawakutaka. Mtu anaweza kumcheka mkewe na bado akamtaka abaki nyumbani.

#32 MpitaNjia_Windhoek
Salamu kutoka Namibia, niko huku kikazi. Wanawake wa Kiherero bado wanavaa lile gauni pana na magagulo yake, lilikuja na wamisionari wa Kijerumani karne ya 19, na kichwani kilemba chenye pembe kama za ng'ombe. Jirani yangu amevaa jana kwenye jua kali, sherehe ya ukoo. Nilimuuliza joto je. Akanijibu kwamba likitembezwa polepole linajipepea lenyewe. Basi nimeona niwaletee hilo, maana mnasema "walivaa" kama limekwisha.

#33 MshonaMarinda
Jamani asanteni, mmenilaza macho siku tatu. Nimeng'oa waya wote. FundiBati alinitumia ujumbe pembeni, akaniambia nitafute zile bapa za chuma zinazofungia makasha bandarini, nipige tupa makali yake na kuzivika kitambaa. Nimepata za bure kabisa. Nimetundika pete tano kwa tepe, ya chini inchi 9 kutoka sakafuni, na gagulo la pamba juu.

Leo bibi harusi amekuja kupima. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, pete zikalala, akacheka peke yake. Akasimama, akakaa tena mara nne. Kisha akazunguka duka zima na sketi ikawa inayumba nyuma yake kama inamfuata. Bandiko #1 silifuti, kwenye koseti bado nina neno. Kiuno nimemkazia kidogo tu, upana wa chini unafanya kazi yote.

#34 MamaWawili_Kisumu
Picha! Na gari je? Mlango wa gari ndogo hilo litapita?

#35 MshonaMarinda
Uuu, gari sikuliwaza. Ni ndogo ya shemeji yake. Kesho asubuhi napita kwao na futi.